Kago Langu kwenye Chungu cha Rupia

Nikisikia harufu ya ukwaju uliokorogwa na majivu, mkono wangu wa kulia huanza kuwasha. Sifanyi mzaha, ingawa wanaonijua watasema nimeanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Ijumaa asubuhi nyumbani kwetu Ruponda. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiketi mkekani uani, miguu kainyoosha, anasugua sarafu zake moja moja. Kulikuwa na rupia za fedha alizoletewa na babu aliporudi kubeba mizigo ya vita, zenye Mjerumani aliyevaa kofia iliyokaliwa na ndege. Nami nilikuwa nikimwonea huruma mzee wa watu kutembea na kuku kichwani. Kulikuwa na hela za shaba nyekundu, na senti za Mwingereza zenye tundu katikati, ambazo bibi alizisifu kwa kuwa zilikuja zimeshatobolewa, hazikumpa mtu kazi ya msumari. Zote zilitungwa katika uzi mmoja wa katani. Dukani rupia zile zisingekupa hata chumvi, lakini hakuna msichana wa ukoo wetu aliyetoka unyagoni bila kuzivaa shingoni. Mama alizivaa, mama zangu wadogo walizivaa, na mwaka ninaousimulia ilikuwa zamu ya dada yangu Zuhura. Mimi, Esha, nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuulizwa kwa nini nacheka.

Ulikuwa mwaka wa matrekta. Nachingwea walikuwa wanang'oa msitu walime karanga, na barabara ikajaa malori, na malori yakajaa watu ambao hatukujua wametoka kwa nani. Sisemi ni wao. Nasema tu kwamba kabla yao jirani yetu alikuwa akianika kanga zake na kwenda shamba, na baada yao akaanika moja na kuikuta kamba peke yake. Kisha akapita mtu na baiskeli, akauliza nyumba kwa nyumba nani ana fedha ya kale, maana huko mjini kuna sonara anaiyeyusha kutengeneza bangili. Bibi akamjibu, "Sisi huku fedha tunaisikia tu, baba." Mtu yule akaaga vizuri, akatazama paa letu, akatazama kihenge chetu cha nafaka, akaondoka. Kuanzia hapo nyumba haikutulia.

Bibi alizihamisha sarafu kama paka anayehamisha watoto. Jumatatu zilikuwa ndani ya kibuyu cha ufuta. Jumatano zilikuwa chini ya kuku anayeatamia, ambaye aliuchukia mpango ule na kususa mayai. Siku moja alizifunga kiunoni, akaenda kisimani akilia ching'iri ching'iri, watu wakadhani kuna ngoma inakuja. Usiku alisahau alikozilaza, alfajiri tukawa tunapekua nyumba nzima, mama kashika jungu, mimi nimeingia uvunguni, bibi katikati akituuliza kama sisi ndio wezi. Kila mbwa akibweka alisimama. Kila baiskeli ikilia kengele aliacha chakula. Alikonda. Zuhura alikuwa ndani na wenzake, bado wiki moja watolewe, na bibi alikuwa akisema, "Mjukuu wangu atatoka shingo tupu kama bata."

Mwishowe alizitia ndani ya chungu, akakiweka kwenye kihenge, akakaa mlangoni kukilinda. Hapo ndipo nilipopata akili yangu. Kwetu, mwenye shamba la mihogo hakai kulilinda. Hutundika kago, dawa ya mganga, na mwizi akigusa tumbo huvimba mpaka aungame. Nikajiuliza, mihogo ilindwe hivyo na rupia zikose? Nikaokota gamba la konokono nyuma ya choo. Nikalijaza ugoro wa bibi mwenyewe, nikalichoma miiba miwili ya nungunungu, nikalivisha kitambaa chekundu, nikalipaka masizi. Lilikuwa baya kweli, hata mimi nilipolimaliza sikupenda linavyonitazama. Bibi alipokwenda kuoga nililifunga kwenye shingo ya chungu kwa kamba ya mgomba, nikaenda kucheza.

Kelele aliyopiga bibi alipoliona ilisikika mpaka kwa jirani. Mjomba wangu Selemani, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikuja mbio na jembe begani, akachungulia kihengeni, akarudi nyuma hatua tatu.

"Asiguse mtu," alisema. "Nani kalitega?"

"Ningejua ningekuita?" bibi akamjibu.

"Basi alitegue aliyelitega. Mwingine akigusa, mkono unakauka."

Nilijifunika kanga nikacheka mpaka nikajing'ata. Kicheko kiliniisha kesho yake, nilipoona bibi hali, kakaa mbali na kihenge, anakitazama kama watu wanavyotazama kaburi jipya. Zilibaki siku tatu Zuhura atolewe. Nilitaka kusema, lakini kila nilipofungua kinywa mjomba alikuwa akieleza atakachomfanya aliyelitega, na maelezo yalikuwa marefu.

Wakamwita mganga wa upande wa Ruangwa. Alifika saa sita mchana, mfuko begani, akakizunguka kihenge, akanusa, akafumba macho. "Hili limetoka mbali," alisema. "Limevuka mto." Choo chetu kiko hatua ishirini, na mto hakuna. Akasema ataliondoa, lakini sarafu za fedha zimeshaingiliwa, lazima aondoke nazo akazizike porini. Za shaba tubaki nazo. Nikashangaa uchawi gani huu unaojua kuchagua. Bibi akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tena, "Chukua, baba. Bora mjukuu mzima kuliko shingo iliyopambwa."

Yule wa baiskeli angalau aliuliza kwanza. Nikasimama.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" mjomba akauliza.

"Nimelitega mimi. Konokono wa chooni. Ndani mna ugoro wa bibi."

Hakuna aliyecheka. Niliwaeleza mambo ya uongo miaka yote wakaniamini, na siku ya ukweli mganga akatikisa kichwa: "Limeshamshika mtoto. Linasema kwa mdomo wake." Mama akaanza kulia. Basi nikakimbilia kihengeni kabla mjomba hajanidaka, nikakipakata chungu kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nikalishika kago lenyewe, nikamletea bibi. Watu wakatawanyika kama kuku. Yeye peke yake hakuondoka. Alikuwa akitazama kamba, wala hakulijali gamba.

"Hili fundo ni la Esha," alisema taratibu. "Kuni zake humwagika njiani kila siku kwa fundo hilihili."

Akalivuta kwa vidole viwili. Likafumuka lenyewe, kago likaanguka, ugoro ukamwagika, bibi akapiga chafya. "Mke mwenzangu," aliniambia, machozi yakimtiririka, sijui ya ugoro au ya nini, "utaniua siku si zangu." Kisha akanifinya sikio mpaka nikapiga magoti. Mganga alipewa jogoo wa njiani. Alipokuwa anatoka aliniambia kwa upole kabisa, "Siku saba, binti. Mkono ulioshika utauona."

Zuhura alitoka akiwa amepakwa mafuta, sarafu zikimlia kifuani, wanawake wakipiga vigelegele. Nilitazama nusu, nusu nyingine nilikuwa nahesabu vidole vyangu. Siku ya nane nilipoamka mkono ungali mkono, bibi aliniita pembeni, akanipa gamba lilelile. "Kalifunge tena," alinong'ona. "Usimwambie mjomba wako."

Sasa nasoma shule ya kati, na sanduku langu la bweni lina kufuli zito la dukani. Nimeshaibiwa sabuni mara tatu. Chungu cha bibi hakina hata mfuniko, na kijiji kizima kinakipita mbali, bibi akilala kama mtoto. Likizo iliyopita, macho yake yakiwa yamefifia, alinituma nimletee sarafu azisugue. Kago lilikuwa palepale, kavu, na fundo amelifunga upya, zuri, la mtu mzima. Nalijua gamba lile kuliko ninavyoijua hesabu. Nilinyoosha mkono wa kulia, nikaurudisha, nikalifungua kwa wa kushoto. Wa kulia nauhitaji kuandikia.