Rehani Iliyosimama Mlangoni

Siku yangu ya kwanza ya ukarani, katika baraza la kesi la Kilosa, Liwali hakunijaribu mwandiko. Aliniuliza kama najua tofauti ya kuazima na kukopa. Nikababaika.

"Jembe unaazima, unarudisha lile lile," akasema. "Unga unakopa, unaula, unarudisha mwingine. Ukiacha mali kwa anayekudai mpaka ulipe, hiyo rehani. Akisimama mtu kukuahidia, huyo mdhamini. Karani akichanganya haya, mtu anapoteza shamba."

Nilidhani mzee anakuza mambo. Kesi nyingi zilikuwa za wakata mkonge walioweka rehani baiskeli na cherehani zao kwa wanyapara. Nikazoea. Ndipo nikahamishiwa Mikumi, chini ya Jumbe mmoja mzito wa kusema.

Asubuhi moja mnyapara wa zamani alimshtaki mkulima kwa mahindi aliyomkopesha wakati wa njaa. Jumbe akauliza kama kuna rehani.

"Ipo, Jumbe. Ile pale mlangoni."

Nikageuka nikitafuta baiskeli. Alisimama binti ambaye hata ungo hajavunja, viganja vimeota sugu za mchi. Wazee walikuwa wakisimulia habari za watu kuwekwa rehani kama mambo ya kale. Sikujua yanatendeka karibu na baraza ninalokaa.

"Anatwanga kwake tangu njaa ile," yule mkulima, baba yake, akasema, macho chini. "Deni haliishi, Jumbe?"

"Angekuwa kibarua ningempunguzia," mnyapara akajibu bila haya. "Rehani hailipi deni. Inakaa tu."

Kwa maana ya maneno niliyofundishwa Kilosa, hakukosea hata kidogo.

Jumbe alimgeukia mnyapara. "Mtu hawekwi rehani," akasema. "Kazi yake ni ya ujira, na ujira huo umemaliza deni. Binti, nenda na baba yako."

Binti hakusogea. Alipiga goti, akasema shikamoo, na Jumbe alipoitikia marahaba, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na mdogo wangu aliyewekwa rehani Ruhembe, naye arudi?"

Baba yake alijifunika uso. Jumbe akamtuma tarishi wa baraza palepale. Kesho yake jioni tarishi alirudi na mtoto huyo, amembeba mgongoni.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana wa benki wakija kunieleza habari za kuweka nyumba rehani, nawasikiliza kwa adabu, lakini macho yangu hukimbilia mlangoni.