Kichwa cha Habari Alichobandikwa Mfua Mashuka

Saa moja na robo asubuhi, anakunja shuka la kwanza kati ya mashuka mia nne ya siku. Kazi hii huhitaji watu wawili, kila mmoja pembe zake mbili. Leo mwenzake amekwenda kwenye beseni la mwisho na kumpa mgongo.

"Kunja mwenyewe, mwandishi," anasema mwenzake. "Si una mikono ya kuandikia?"

Wanawake wengine wa chumba cha kufulia cha hospitali wanacheka kicheko kisicho na furaha. Mama huyu wa watoto watatu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja wamemtania kwa jina la Bi Sabuni, anazishika pembe zote nne mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita walikuwa wakimpongeza. Katika mapumziko ya chai, kwa simu yake, alikuwa ameandika kuhusu maji ya moto yaliyokatika kwa miezi saba, na jozi moja ya glavu inayovaliwa na watu wawili, huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto. Blogu moja ya habari na utamaduni iliikubali makala hiyo na kumfanya mwandishi mchangiaji. Kabla ya kuituma, aliwasomea wenzake yote.

"Tuma, shoga," walimwambia. "Hapo hujatia chumvi."

Ilipotoka, maneno yalikuwa yake. Kichwa hakikuwa chake: "Siri Chafu za Wodini: Wafua Mashuka Wamwaga Yote!"

Ndani hamna siri ya mgonjwa hata mmoja. Lakini wangapi husoma ndani? Kesho yake, mama mmoja aliyelazwa alilikumbatia shuka lake kama mtoto mchanga, akakataa kulitoa. "Mkanitangaze?" aliuliza. Jioni, wafuaji wote kumi walipewa barua za onyo na msimamizi wao.

Alimpigia mhariri.

"Dada, kichwa ni kazi yetu sisi huku," mhariri alimjibu. "Wewe ni mchangiaji. Halafu kimevuta watu, furahi!"

"Kimevuta watu, glavu hakikuvuta hata moja," anasema Bi Sabuni. "Wao wamepata wasomaji, sisi tumepata onyo. Nimewakosea nini?"

Ni uungwana gani huu, wa kuazima ushuhuda wa mtu na kumrudishia fedheha? Aliyekitunga kichwa hicho hajulikani, wala hakuna mgonjwa atakayemnyooshea kidole.

Saa nne, wakati wa chai, ujumbe unaingia: blogu inaitaka makala ya pili, upesi. Anausoma kwa sauti, kisha anasoma na jibu lake: "Badilisheni kichwa, muombe radhi hapohapo juu. Na kuanzia sasa, hakitoki kichwa nisichokisoma mimi na wenzangu."

"Wakikataa je?" mwenzake anauliza, bado amempa mgongo.

"Nitatafuta blogu nyingine. Nikikosa, makala nitaibandika pale mlangoni, msimamizi aisome akiingia."

"Akuongeze onyo la pili!"

"Aongeze. La kwanza nimelipata bure."

Makala ya pili imekamilika. Hataituma mpaka wakubali, ingawa anajua wachangiaji wapo wengi na huenda asiitwe tena.

"Nataka kuandika mpaka nizeeke," analiambia gazeti hili. "Lakini mhariri hakai na watu ninaoandika habari zao. Mimi nakutana nao kila asubuhi."