Ni "suffer the consequences", bila "from": baba yangu alivyonifunza

Wakuu, salamu kutoka Homa Bay. Kwa umri mimi ni nyanya yenu, kwa hivyo mnivumilie kwa typing. Haya yalinipata mwenyewe, na siongezi chumvi.

Kuna kijana humu aliuliza kama ni "suffer from the consequences" au "suffer the consequences". Mkamcheka. Msimcheke.

Jibu ni bila "from". Malaria ndiyo unasuffer from. Consequences unasuffer moja kwa moja.

Sasa niwaambie nilivyojua.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Baba alikuwa karani kwa ofisi moja hapa mjini. Kizungu chake kilibaki ofisini. Nyumbani tuliongea Dholuo, hata akikasirika.

Alikuwa ameshaelewana na familia fulani mtoto wao anioe. Mimi nilikuwa nimetoka kusomea ualimu, nikakataa. Nikachukua kazi karibu na Isebania, huko mpakani kwa Wakuria, kwa sababu nafasi ilikuwa huko.

Asubuhi ya kuondoka nilienda kumuaga. Akaniangalia kama mtu aliyekuja kwa dirisha la ofisi yake, akasema, "You will suffer the consequences."

Kwa Kizungu. Mimi, binti yake.

Maneno yenyewe hayakuniuma sana. Lugha ndiyo iliniuma.

Kule sikujua Kikuria hata neno moja. Kiswahili changu kilikuwa cha soko tu, bei gani, punguza kidogo. Walimu wenzangu walikuwa wanaume, na jioni kila mmoja alienda kwake. Nilibaki peke yangu kwa chumba cha mwisho cha shule.

Kuna jioni niliongea Dholuo na sufuria, ili niisikie tu.

(Vijana, msiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu gani?)

Jirani mmoja, mama mtu mzima anaitwa Bhoke, alikuwa ananiletea ugali wa wimbi. Anakaa, nakula, anatabasamu, anaenda. Hatukuwa na lugha. Lakini nilianza kumngoja tangu mchana.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani. Baba akanisalimia, "Good morning, teacher." Likizo yote ikawa hivyo. Mama alijaribu kumwongelesha kuhusu mimi, akanyamazishwa. Likizo iliyofuata sikuenda.

Muhula huo nilikuwa nafundisha Standard Seven hilo neno suffer. Msichana anaitwa Robi akauliza kama consequences ni ugonjwa. Nikamweleza mambo ya "from". Kisha nikaanza kuandika mfano ubaoni: She left her home and...

Sikuweza kumaliza. Nilisimama na chaki mpaka Robi akaumalizia yeye mwenyewe, kwa sauti, bila kosa.

Karibu na mwisho wa mwaka nikamwona baba nje ya darasa. Koti lake la ofisi lilikuwa limejaa vumbi. Nikatoka.

"Have you suffered?" akauliza.

"Yes, Father."

Akaangalia chini. Kisha akasema polepole, "Wadhi dala."

Yaani twende nyumbani. Kwa Dholuo.

Wakuu, nilikuwa nimeingoja lugha hiyo itoke kinywani mwake mwaka mzima. Na ilipotoka, ilibidi niijibu kwa kukataa. Nilimwambia watoto wangu wa darasani wana mtihani.

Hakugomba. Bhoke alileta ugali, akamnawisha mikono. Baba akamshukuru kwa Dholuo, naye akajibu kwa Kikuria, wakaendelea hivyo kama watu wanaoelewana. Alipopata lori la kumrudisha, aliniambia nimwangalie yule mama vizuri.

Jioni hiyo nililia kuliko siku niliyofika.

Nilifundisha huko miaka mingi. Yule mwanaume niliyemkataa alioa mwingine. Baba hakuniomba msamaha, na hakuniongelesha Kizungu tena mpaka tukamzika.

Nilichojifunza ni kwamba baba hakudanganya. Consequences zilikuja, na nilizibeba. Lakini kumwadhibu mtoto kwa kumnyima lugha yake, hiyo hata mwalimu wa kiboko hajafikia. Kama mko na mtoto mbali, hata kama mmekosana, mkaripieni kwa lugha ya nyumbani.

Kama umewahi kuishi mahali hakuna anayejua lugha ya mama yako, andika hapa chini. Andika hata kwa lugha yenu. Nitasoma, hata nisipoelewa.