Saa ya Daktari

Kwa miaka ishirini na sita wodini, muuguzi mwenzetu tuliyemwita Mama Zamu hakuwahi kutangaza kifo. Kanuni haina mshipa wa aibu: muuguzi anajua, lakini anayesema ni daktari. Mpaka aseme, maiti ni mgonjwa, na shuka halipandishwi usoni. Basi Mama Zamu aliandika saa ya kifo kiganjani kwa kalamu, akasubiri.

Mumewe alilazwa kitanda cha nane, dirishani. Saa nane na dakika tano mchana, mkono wa mzee ukalegea ndani ya mkono wake. Akaandika kiganjani. Papo hapo binti yao akapiga simu.

"Mama, baba anaendeleaje?"

"Tunamsubiri daktari, mwanangu."

Nikatamani kumzaba kofi aliyetunga kanuni ile. Mama Zamu alimwekea mumewe mto vizuri, akampasha habari za nyumbani, kwamba fundi hatimaye amekuja na bomba halivuji tena.

Daktari, kijana aliyefundishwa na Mama huyu huyu kutoa damu, alifika saa tisa na robo. Akapima, akatazama saa yake, akatamka. Hapo ndipo shuka likapanda, na cheti kikaandikwa saa tisa na robo.

Kila mwaka siku ile, saa tisa na robo, watoto hukusanyika kumlilia baba yao. Humkuta mama yao amekwisha kulia peke yake na kunawa uso.