Mgeni Aliyekuja Kutuaga

Nyumbani kwetu tulirithi shaka kama wengine wanavyorithi mwanya. Babu aliletwa Kilosa kama manamba wa kukata mkonge, kwa mkataba aliosomewa na mtu mwingine. Aliambiwa angerudi kwao baada ya muda mfupi. Kaburi lake liko nyuma ya kambi ya zamani ya shamba, karibu na reli. Baba alifanya kazi kwenye shamba hilohilo mpaka asubuhi moja alipokuta majina yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi, na lake likiwa miongoni mwa waliopunguzwa. Hakuna mkubwa aliyetoka nje kuwaaga. Tangu hapo alilima mahindi na mihogo kwenye kipande cha shamba lile lililokufa, bila karatasi yoyote, na kila gari geni lilipopunguza mwendo barabarani aliacha jembe akaenda kulitazama.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, soda za kopo ruksa, na wageni wenye mikoba waliokuja kukagua mashamba ya umma yaliyokuwa yakiuzwa, nao ruksa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara ya Iringa. Kazi ilikuwa kuandikisha wageni kwenye daftari na kuwapa funguo. Kwa tabia yangu niliifanya kama mpelelezi. Madereva wa malori niliwajua: wengi waliandika jina la uongo na kabila la kweli.

Siku moja akaja Mkorea. Alikuwa mtu mzima wa kadiri ya miaka hamsini na tano, mwembamba, shati limefungwa kifungo mpaka kooni katika joto lile la Mikumi. Kwenye safu ya kabila aliandika "visima". Nikajisemea moyoni, huyu anaficha kitu. Alisema amekuja na mradi wa kuchimba visima wilayani kwetu na angekaa miezi kadhaa. Mji mzima ulimwita Mchina, na mpishi wetu alikuwa na maelezo yake tayari.

"Maji gani, dada? Mtu atoke kwao Asia aje kututafutia sisi maji? Huyo anatafuta rubi. Mtambo unashuka chini kwa jina la maji, unapanda na mawe."

Asubuhi ya pili mgeni alipita mapokezi, akaniinamia na kusema, "Shikamoo." Mimi, msichana wa miaka ishirini! Nilitafuta pa kuweka uso. Marahaba ilikataa kutoka, maana sikuwahi kumpa mtu wa umri wa baba yangu marahaba. Nilijiambia kuwa mkubwa anayemwamkia mdogo ana lake jambo.

Kila asubuhi alipotoka kwenda kazini alisimama mlangoni, akainama, akatamka maneno ya kwao, kisha akangoja kidogo. Mimi nilitikisa kichwa tu na kuendelea na daftari. Baada ya kama wiki moja alirudi kutoka mlangoni na kunieleza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na changu cha shule, kwamba anaponiaga anasubiri jibu. Bila jibu, alisema, siku nzima anajiona kama mtu aliyetoroka.

Ndivyo nilivyoanza kujifunza kuaga kwa Kikorea. Anayeondoka humwambia anayebaki "anyonghi keseyo", yaani baki kwa amani. Anayebaki humjibu "anyonghi kaseyo", nenda kwa amani. Lakini maneno, alisema, ni nusu tu. Mikono iwekwe tumboni, kiwiliwili kiiname, macho yashuke. Mkubwa hapungiwi mkono. Ukiondoka usimpe mgongo palepale. Rudi nyuma hatua moja mbili kwanza. Ukibaki usikimbilie ndani. Simama mpaka mgeni apotee machoni. Nikamwambia kwetu pia mwenyeji haishii mlangoni, humsindikiza mgeni kipande cha njia. Akafurahi kweli, akatoa kijitabu akaandika neno hilo, "sindikiza". Kijitabu kile kilininyima raha. Nilijiuliza nini kingine kimo humo.

Na jambo jingine lilinisumbua. Watu wote duniani huanza kufundishana salamu. Huyu alianza na kuaga. Mtu anayeanza na kuaga, niliwaza nikifagia veranda, ana haraka ya kuondoka, na mwenye haraka ya kuondoka kuna kitu anakusudia kuondoka nacho.

Pamoja na hayo nakiri nilipenda. Nilipenda kusimama nyuma ya meza ile na kuinama vizuri, na kumwona akiinama zaidi yangu. Hakuna mgeni mwingine aliyewahi kuniaga kana kwamba kubaki kwangu pale kulikuwa na maana. Lakini nilipenda kwa jicho moja, la pili likimchunga.

Aliposikia kwetu ni Kilosa, akasema watafika huko karibuni. Wakafika. Walipima siku mbili nzima, wakichomeka vyuma ardhini na kutandaza nyaya, na katika eneo lote la kambi ya zamani wakaona maji mazuri yako mahali pamoja tu: kwenye mihogo ya baba. Mama alikuwa akichota mtoni Mkondoa, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi, ndoo nne kwa siku, na wakati wa mafuriko alichota tope na kungoja litulie. Kisima kingekuwa hatua ishirini kutoka jikoni kwake. Serikali ya kijiji ikamwomba baba aweke sahihi kuwa ameridhia kutoa kipande cha hatua kumi kwa kumi kwa ajili ya kisima cha wote.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba aliomba siku nane za kufikiri, akapanda basi akaja Mikumi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nianze kazi. Tulikaa ukumbini. Hakugusa chai.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita alipokuwa na jambo zito, "wewe unaishi na mtu huyu. Mimi sina karatasi ya pale. Nikiweka sahihi kwamba natoa kipande, nitakuwa nimekiri kwamba kuna mwenye kupokea. Kesho watapokea chote. Niambie wewe. Ni mtu wa maji, au mtu wa shamba?"

Nikamwomba siku mbili. Nikapeleleza, na mwenye kutafuta dosari haikosi. Wanaume wawili waliovaa tai walikuja kumwona Mkorea wakanywa naye soda bustanini. Nilipopita na sinia nikasikia neno "estate", yaani shamba kubwa kwa Kiingereza. Siku iliyofuata aliacha karatasi mezani akienda kunawa mikono. Ulikuwa mchoro wa eneo letu: reli, barabara, nyumba yetu, na mihogo ya baba imezungushiwa wino mwekundu, maandishi ya kwao pembeni. Leo najua ulikuwa mchoro wa kisima, kwamba mchoro wa kisima hauwezi kuwa na sura nyingine, na kwamba wale wenye tai walikuwa watu wa maji kutoka mkoani. Siku ile niliona shamba letu limekamatwa kitanzini.

Aliporudi mezani alikunja karatasi yake, akaniinamia, akaniaga. Nilimjibu kwa Kikorea safi, mikono tumboni. Kisha nikatuma ujumbe kwa kondakta wa basi la Kilosa amfikishie baba: simwamini.

Baba akakataa. Kwenye mkutano wa kijiji alisema maneno machache tu, kwamba yeye hajakataa maji, amekataa sahihi. Mtambo ukahamishiwa ng'ambo ya reli, ukachimba, ukapata maji ya chumvi. Watu wakayatumia kufulia na kunyweshea mbuzi. Hakuna aliyekuja kuchukua shamba la baba, wala wakati ule wala baadaye.

Mimi sikuacha kushuku. Mradi ulipokuwa unafungwa, nilikuwa nyumbani Kilosa kwa mapumziko. Saa nne asubuhi nikamwona Mkorea anakuja kwa miguu, gari ameliacha mbali barabarani. Shati lake limefungwa mpaka kooni. Baba alimwona kabla yangu, akaingia ndani na kufunga mlango, mtu ambaye sijapata kumwona amelala mchana hata akiwa na homa.

"Mwambie nimelala," alisema kwa ndani.

Nikamwambia mgeni baba amelala. Akasema haina neno. Akasimama mbele ya ule mlango uliofungwa, akapanga miguu, akaweka mikono tumboni na kuinama chini sana, akauambia mlango ubaki kwa amani. Kisha akanigeukia akaniaga mimi.

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisema asubuhi zaidi ya mia. Lakini baba alikuwa anasikiliza nyuma ya mbao, nami niliwaza: mtu tuliyemkatalia anakuja kutuaga kwa lipi? Nikatazama mikono yake, nikatazama mfuko wa suruali yake. Nilikuwa natafuta anachotaka. Yeye alikuwa anangoja. Nikatikisa kichwa tu.

Mama akatoka jikoni na ndoo. Hakujua neno hata moja la Kikorea, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu kisima, si kijiji, si baba, si mimi. Alimtazama mgeni aliyesimama peke yake uani kwake, akaona aibu kwa niaba yetu.

"Twende baba, nikusindikize," alisema. "Njia ni moja."

Wakaondoka, yeye mbele, mgeni nyuma yake. Wakafika pale njia ya mtoni inapoachana na ya barabarani, wakasimama. Mgeni aliinama. Mama naye akapiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwa wakubwa. Wakabaki hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie kugeuka.

"Kashaondoka?" baba aliuliza ndani.

"Bado," nikasema.

Mama alirudi baada ya muda wake ule wa kawaida, ndoo kichwani, kanga imelowa begani. Baba alikuwa ameshatoka, amekwenda kwenye mihogo yake. Nikamsaidia mama kutua. Alijifuta uso, akapumua, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo.

"Huyu mtu, miezi yote ile mkiongea, ulimuuliza kama anataka shamba la baba yako?"

"Hapana," nikasema. "Sikumuuliza."

Akanitazama. Kisha akamimina maji kwenye mtungi, polepole, yasimwagike. Nikanyoosha mkono nimpokee ndoo niende mimi safari ya pili. Akapita nayo.