Gozbert Anasubiri Kupasuliwa Pua

Jua halijachomoza sawasawa kwenye machinjio ya Vingunguti, na Gozbert keshamaliza kuchuna ng'ombe wa pili. Kisu kinapita kati ya ngozi na nyama bila kutoboa. Anapumua kwa mdomo.

"Nyama ikioza, huyu ndiye wa mwisho kujua," anachokoza Azan, mchunaji mwenzake. "Mie nikija sijaoga, ni yeye tu anayenikumbatia."

Gozbert, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anacheka kama mtu mwenye mafua. Nyama zimeota ndani ya pua, na mwaka wa tatu sasa hasikii harufu. Kwa mtu anayetaka kufungua bucha yake, huo ni mkosi.

Daktari wa hospitali moja ya Temeke alikubali kumpasua. Kabla ya hapo, muuguzi Gladness alimuuliza kama kwenye ukoo wao yupo mtu anayetoka damu ikakawia kukata.

"Nikajibu hapana," anasimulia. "Nilimpitia baba, babu, baba wadogo wote. Wazima."

Ni jibu la Mhaya: ukoo hufuata baba. Lakini Gladness aliona makovu vidoleni.

"Haya je, kaka?"

"Kisu hicho, sista."

"Damu ilikata lini?"

"Kesho yake."

"Kesho yake? Na upande wa mama yako je?"

Mama yake, Kokushubila, alikuwa kwenye benchi nje. Akaitwa.

"Kaka yangu aling'olewa jino, damu ikamtoka hadi akafa," alieleza. "Tukasema jirani kamloga. Mpaka leo hatusalimiani na familia yake."

Kipimo kikaonyesha kwamba Gozbert ana upungufu wa protini ya kugandisha damu. Ni ugonjwa wa kurithi, ambao mama huweza kuubeba asiumwe, akamrithisha mwanawe wa kiume. Wake si mkali, lakini pua ina mishipa mingi; angepasuliwa bila maandalizi, angeweza kupoteza maisha. Operesheni ikaahirishwa.

"Basi kisu nipe mie, wewe shika mkia," Azan alimwambia. Gozbert hakumpa. Siku hizi anavaa glavu nene.

Atapasuliwa mwezi ujao, dawa ya kugandisha damu ikishapatikana. Akipona, atafungua bucha Mbezi Luis.

Kwanza amempigia simu dada yake Clara, anayejiandaa kumpeleka mwanawe tohara.

"Subirini apimwe," alimwambia. "Wakiuliza habari za ukoo, usiishie kwa akina shemeji. Wataje na wajomba. Anza na mimi."