Nyumba Yenye Moto

Juzi jioni, uani kwangu hapa Tunduma, nyota zikianza kutoka, mjukuu wangu aliyetoka chuo aliniuliza, "Bibi, nyota zote zile, kweli viumbe wenye akili tuwe sisi peke yetu?"

Mimi niliishia darasa la pili. Nyumba hii nimeijenga kwa kuuza maharage, sikumlilia mtu. Nikamjibu, "Inawezekana. Moto si mchezo."

Akacheka. "Moto umetoka wapi tena, bibi?"

Umetoka Itaka, kijijini nilikokulia. Nilipokuwa mdogo, kiberiti kilikuwa kitu cha kutafutwa. Moto ulilazwa chini ya majivu, ukizimika unaomba kwa jirani, unaubeba kwenye kigae cha chungu. Asubuhi unasimama nje kutafuta moshi. Penye moshi ndipo unapokwenda.

Masika moja mvua ilinyesha mpaka kuni zikaota uyoga. Mama alikuwa amejifungua, mtoto wa baridi kama jiwe la mtoni, na moto wetu umekufa.

"Nenda," mama alisema, "na usiniletee maneno."

Nyumba tele vilimani, moshi hakuna. Ya kwanza, kuni zimeloa. Ya pili, mwenyewe alipitiwa na usingizi. Ya tatu, paa limevujia mafiga yenyewe. Wote wanajua kuwasha, wote wanatetemeka.

Ng'ambo ya kijito nikaona moshi mwembamba. Kwa bibi mmoja mkali.

"Shikamoo, bibi. Naomba moto."

"Marahaba. Wenu umeuawa na uvivu?"

"Mama amejifungua."

Akachagua kaa la mti mgumu, akalifukia majivu. "Usilipulize njiani kwa kupenda mwanga. Binti yangu alipuliza njia nzima, akafika kwake na jivu."

Nililibeba kigaeni, nikafunika kwa kitenge, sikulichungulia hata mara moja. Mama alipolipuliza likaitika, nikamwona mtoto anafungua ngumi.

"Sasa," nikamwambia mjukuu, "kuni kavu, paa zima, mtu aliye macho, vyote vikutane nyumba moja, si kila siku. Na wakishaupata, wapo watakaoupuliza mpaka uishe."

"Kwa hiyo huko juu hakuna mtu?"

"Sijui. Sijaona moshi."

Yule mtoto ni mzee sasa, analima kahawa kulekule Itaka. Ana jiko la gesi, lakini la kuni hakubali lizimike. Nikienda kwake, kabla sijabisha hodi, natazama kwanza juu ya paa.